Gulio ndani ya BBS: ninavyofunga kiprogramu cha sisopu

"Kaka, huyu ngΓÇÖombe ni wa aina gani?"

Swali hilo nililikuta kwenye sanduku la ujumbe la BBS yangu asubuhi moja ya Julai, katika ile baridi ya Mbeya ambayo vidole vinaigomea kibodi mpaka chai ishuke kwanza. Aliyeuliza ni dada mmoja wa Tukuyu ambaye hunitumia bei za gulio la kwao. Nikafungua ukurasa wa bei, nikakuta kweli: maharage yametulia, viazi vimetulia, halafu kwenye mstari wa mifugo kuna mnyama asiyejulikana na bei yake imesogea nafasi mbili kulia. Nitamrudia mnyama huyo, maana ndiye aliyenifanya niandike upya karibu nusu ya kiprogramu changu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, BBS ni ubao wa matangazo ulio ndani ya kompyuta. Unaingia kwa maandishi matupu, unasoma, unaacha ujumbe, unatoka. Ya kwanza kufunguliwa kwa umma iliitwa CBBS. Ward Christensen na Randy Suess waliianza Januari 1978 theluji ilipowafungia ndani huko Chicago, na tarehe 16 Februari mwaka huohuo ikafunguliwa rasmi. Modemu moja, laini moja ya simu, kwa hiyo mtu mmoja kwa zamu, wengine wasubiri. Mwendeshaji wa BBS huitwa sisopu. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha FidoNet, BBS zikawa zinapigiana simu usiku na kupeana barua, na baadaye Afrika ikapewa kanda yake humo, kanda namba 5.

Yangu haina modemu. Ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyofungwa nyuma ya kabati la duka langu la ufundi wa simu na kompyuta, Mwanjelwa. Watu huingia kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali kwa maandishi, wengine kupitia intaneti, wengine kwa waifai ya dukani. Naulizwa sana kwa nini nahangaika na kitu cha kizee namna hii. Sehemu ya jibu ni mapenzi tu. Sehemu nyingine ni hesabu: ukurasa wa BBS ni herufi 80 kwa mistari 25, yaani herufi 2,000, na hata ukiupaka rangi kwa kawaida hauzidi KB chache. Mtu mwenye bando la kubana anasoma bei za wiki nzima na bando halijastuka.

Kiprogramu chenyewe nimekiita Gulio. Kinasoma faili moja la bei lenye mistari ya namna hii:

viazi mviringo|gunia|Uyole|bei|tarehe

Kisha kinatoa mafaili mawili: gulio.ans lenye rangi, na gulio.asc lisilo na rangi kwa wenye terminali (programu za kusomea maandishi ya BBS) za kawaida. BBS nyingi zinajua zenyewe kuchagua lipi la kumwonyesha nani, mradi majina yafanane na vifupisho vya mwisho viwe sahihi. Kazi imeishia hapo. Kukiandika kulinichukua jioni moja. Kukifunga kikakaa bila kunisumbua kulinichukua mvua nzima ya masika.

Nianze na uamuzi ambao masisopu wapya wengi wanaukosea: kufanya kila kitu kuwa mlango. Mlango, kwa lugha ya BBS, ni programu ya nje ambayo mtumiaji anakabidhiwa kwa muda, kama vile mchezo. Kabla ya kumkabidhi, BBS inaandika faili dogo la makabidhiano linaloeleza ni nani, amebakiza dakika ngapi, na skrini yake inaelewa nini. Faili la zamani, DOOR.SYS, lina mistari 52, na mstari wa 14 umetengwa kwa ajili ya nenosiri la mtumiaji, likiwa wazi kama bango la duka. BBS nyingine huandika pale neno la uongo, lakini mimi sipendi hata nafasi hiyo iwepo. DOOR32.SYS lina mistari 11 tu: wa kwanza unataja aina ya muunganisho, na 2 ikimaanisha telnet, wa saba ni jina la utani, wa tisa ni dakika zilizobaki, wa kumi unasema kama rangi zinaruhusiwa, wa mwisho ni namba ya nodi, yaani nafasi aliyoingilia mtumiaji. Ukiandika mlango leo, tumia hilo.

Lakini Gulio haimuulizi mtu chochote. Ingekuwa mlango, kila anayetaka kuona bei ya mchele wa Kyela angeanzisha programu upya, na watu wanne wakiingia pamoja zingekuwa programu nne zinazogombania faili moja. Kwa hiyo nimeiacha ifanye kazi usiku, itoe ukurasa uliopikwa tayari, na BBS ibaki na kazi ya kupakua chunguni.

Sasa ng'ombe wetu.

Kiswahili kina bahati kwenye mitambo ya zamani. Wafaransa na Wareno wana herufi zao za kofia na mikia, sisi tuna a hadi z basi, na zote zimo hata kwenye mashine ya kale kabisa. Isipokuwa ritifaa ya ng'. Kwenye kibodi ya kompyuta ritifaa ni alama iliyonyooka, na haina shida. Simu, kwa ujuaji wake, huigeuza ikawa iliyopinda. Alama iliyopinda katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi unaotumiwa na simu, hubebwa na baiti tatu: E2, 80 na 99. Skrini za BBS kwa desturi husoma seti ya herufi namba 437, ile iliyokuja na IBM PC mwaka 1981, na kwenye seti hiyo kila baiti ni herufi yake. E2 ni Γ, 80 ni Ç, 99 ni Ö. Dada wa Tukuyu aliandika ng'ombe kwa simu yake, akaletewa ngΓÇÖombe. Na kwa kuwa kiprogramu kilihesabu alama moja wakati skrini ilionyesha tatu, bei ikasukumwa nafasi mbili.

Dawa ni kusafisha kabla ya kupima. Badilisha ritifaa zote zilizopinda, ya kufungua na ya kufunga, ziwe iliyonyooka. Kistari kirefu, ambacho watu hupenda kukiweka kati ya bei ya chini na ya juu, kiwe kifupi. Ile nafasi tupu isiyokatika, ambayo huwezi kuiona kwa macho, iwe nafasi ya kawaida. Kikibaki chochote nje ya herufi za msingi, weka alama ya kuuliza na uandike kwenye kumbukumbu ni mstari wa ngapi. Baada ya hapo ndipo upime urefu na kujaza nafasi. Mimi nilikuwa nimepima kwanza na kusafisha nilikuwa sijawaza kabisa.

Hapohapo kuna suala la upana. Jina la bidhaa nimelipa nafasi 22. Mtu akiandika "maharage ya njano ya Mbozi yaliyochambuliwa", likiachwa limwagike ni lumbesa ileile tunayoikataa sokoni: gunia limevimba na aliye jirani anaumia. Kata kwenye 22, weka nukta, endelea. Na usiandike kitu kwenye nafasi ya 80. Terminali nyingi zikifika hapo zinashuka mstari zenyewe, kisha zinakutana na amri yako ya kushuka, na ukurasa unajaa mistari mitupu. Ishia 79.

Amri ya kushuka nayo ina yake. Linux, mfumo unaoendesha Pi yangu, huishia mstari kwa alama moja tu, ya kushuka. Terminali ya BBS inataka mbili, ya kurudi mwanzo na ya kushuka. Ukisahau ya kwanza, jedwali lako linateremka kama ngazi kuelekea kulia mpaka litoke nje ya skrini. Ukiona ngazi, usitafute kosa mahali pengine.

Kuhusu saa nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapa mwongozo wa kigeni hauwezi kukusaidia. Nilimwambia kijana wangu wa dukani apange Gulio iendeshwe saa tisa usiku, wakati hakuna mtu ndani. Akaandika 9 kwenye cron, kipangaji cha Linux kinachoendesha kazi kwa saa uliyoiwekea. Cron haijui Kiswahili. Kwake 9 ni saa tatu asubuhi, saa ambayo watu wamejaa. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe niliporekebisha niliandika 3 nikasahau kwamba Pi ilikuwa bado kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Ikawa inaendeshwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo weka kwanza majira ya mashine kuwa Africa/Dar_es_Salaam, uanzishe cron upya ili iyatambue, kisha ndipo uandike 0 3 * * *, yaani dakika 0 ya saa 3, kila siku. Na uandike maelezo juu ya mstari huo kwa maneno, "saa tisa usiku", ili anayekuja baadaye asitafsiri kichwani.

Tena Raspberry Pi nyingi hazina saa ya betri. Umeme ukikatika kisha ukarudi kabla intaneti haijarudi, mashine inaamka ikidhani bado ni ile saa iliyozimikia. Wiki moja ukurasa wangu uliandika "Bei za leo" ukiwa na tarehe ya siku mbili nyuma, na mzee mmoja wa Uyole akanipigia kuuliza kama nimelala. Tangu hapo Gulio haiulizi mashine leo ni lini. Inachukua tarehe mpya kuliko zote ndani ya faili la bei na kuandika "Bei za mwisho kuletwa", kisha tarehe. Ni kauli ya kweli hata saa ya mashine ikiwa imerukwa na akili.

Umeme huohuo ndio ulionifundisha kuandika kando. Mwanzo Gulio ilikuwa inafungua gulio.ans yenyewe na kuijaza mstari kwa mstari. Umeme ukikatika katikati, asubuhi unakuta nusu ukurasa. Sasa inaandika gulio.mpya, inahakikisha data zimeshuka kwenye kadi kwa fsync, kisha inabadilisha jina kuwa gulio.ans. Kubadilisha jina kwenye Linux ni tendo moja lisilogawanyika: msomaji anaona ukurasa wa jana au wa leo, haoni nusu. Ila kuna mtego. Faili jipya na la zamani lazima yawe kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Nilikuwa nimeweka la muda kwenye /tmp, ambayo kwenye mashine yangu iko ndani ya RAM. Kuhamisha kutoka pale kunageuka kunakili, na kunakili kunakatika katikati kama kawaida. Weka yote mawili kwenye folda moja. Na ile fsync usiiruke kwa kuona ni urembo: bila hiyo unaweza kukuta jina limebadilika vizuri kabisa na ndani kuna baiti sifuri.

Ruhusa ni jambo fupi. Gulio ina akaunti yake ndogo isiyoweza kuingiwa kwa nenosiri, inaandika kwenye folda yake tu, na BBS inaruhusiwa kusoma tu. Usiiendeshe kwa root, akaunti kuu yenye ruhusa zote, hata kwa majaribio. Ukifungua telnet kwenye poti namba 23, ile ya kawaida ya telnet, utaona mwenyewe ni roboti wangapi wanagonga kila saa wakijaribu maneno ya siri ya kiwandani, desturi ambayo Mirai, programu haribifu ya mwaka 2016, iliifanya maarufu. Siku mmoja akipenya, afadhali aishie kwenye bei za viazi.

Cron pia huendesha kazi ikiwa na mazingira matupu, haijui folda uliyokuwa umekaa ulipofanya majaribio. Kila njia ya faili iandike kamili, kuanzia / ya mwanzo. Halafu jaribu kwa mkono ukiwa ndani ya akaunti ileile ya Gulio, si yako, na uingie kwenye BBS kama mgeni ukitumia simu, maana skrini ya simu ndiyo itakayokuumbua.

Kilichobaki kwangu ni safu ya kipimo. Uyole wananiletea bei kwa gunia, Tukuyu kwa debe, na mama mmoja anayeuza hapa mlangoni kwangu amenishika juzi: "Baba, mimi gunia silijui, niwekee sado." Nimeshaongeza safu. Ila mpaka sasa sijapata namna ya kuziweka gunia, debe na sado kwenye mistari 25 bila kumfukuza ng'ombe.