Kitambulisho cha zao hakitoshi

Wengi hudhani majedwali ya mavuno yakishapewa vitambulisho vya AGROVOC, yaani msamiati wa kilimo wenye lugha nyingi wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, basi data zimeelewana. Bado. Kitambulisho c_12332 kinasema zao ni mahindi, hata jedwali moja likiwa la Kiswahili na jingine la Kifaransa. Lakini hakitaji kipimo. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Gunia 20 ni kilo 1,800 au 2,000, na programu itazijumlisha tu pasipo kugutuka. Andika kilo, lakini usifute idadi ya gunia iliyotoka shambani: ndiyo ya kuhakikia. Ambatisha kipimo, tarehe na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi makavu usizidi asilimia 13.5.