"Kijiji kizima kinajua ni yeye, hakimu kamwachiaje?"

Swali hilo utalisikia sokoni Mwanjelwa, utalisikia stendi ya Mafinga, na jibu linalotolewa huwa ni moja: kala hela. Rushwa ipo, sikatai. Lakini hukumu nyingi zinazolalamikiwa hivi zinajieleza zenyewe, tatizo hazisomwi.

Chukua utambuzi wa usiku. Watu wanaamini shahidi akishaapa na kusema "nilimwona kwa macho yangu, namjua tangu utotoni", basi kesi imekwisha. Haijaisha. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka kujua ulimtazama kwa muda gani, mlikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama ulikuwa ukimfahamu kabla ya siku hiyo. Kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi. Taa gani, koroboi au ya sola? Ilikuwa mezani au imening'inia mlangoni? Aliyewahi kutembea na ukungu wa Njombe hawezi kudhani maswali haya ni ya kumkomoa shahidi. Kisha linakuja lile linaloangusha kesi: usiku ule ulipokimbilia kwa jirani au kwa mwenyekiti wa kitongoji, ulimtaja? Kama ulimtambua na hukumtaja mpaka wiki ikapita, hakimu ana kila sababu ya kusita, na akisita, anayenufaika na shaka hiyo ni mshtakiwa.

Upande wa pili wapo wanaosema shahidi mmoja hana kesi. Si kweli. Sheria ya Ushahidi haidai idadi yoyote ya mashahidi. Tena kwenye ubakaji, shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006 linasema wazi kwamba ushahidi bora ni wa aliyebakwa mwenyewe, ilimradi mahakama imwamini. Kwa hiyo wale wazee wanaomwambia mama "yamalizeni nyumbani, nani aliyeona?" wanampotosha, na wengine wanajua wanachofanya.

"Kuua ni kuua" nayo inasemwa sana, hasa Iringa. Septemba 2, 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi. Askari aliyeshtakiwa kwa mauaji alitiwa hatiani Julai 2016 na Mahakama Kuu Iringa, lakini kwa kosa la kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Tofauti ya makosa haya mawili iko kwenye nia, na nia lazima ithibitishwe kama lilivyo tendo lenyewe. Ikithibitika, adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa, jaji hana pa kupunguza. Isipothibitika, anaweza kutoa adhabu hadi kifungo cha maisha, au chini ya hapo. Hukumu ile unaweza kuikosoa, hakuna kosa, ila gombana nayo hapo kwenye nia. Kulia tu kwamba marehemu kadhulumiwa hakujibu hoja ya jaji.

Dhamana wala isitupotezee muda: aliyepewa dhamana hajashinda chochote, anasubiri kesi akiwa nje.

Rufaa ndiyo inayowachanganya zaidi. Mtu kafungwa miaka 30, Mahakama ya Rufani inamwachia kwa kasoro ya utaratibu, mtaani wanauliza kwa nini kesi isianze upya. Wakati mwingine huanza upya. Lakini kanuni ya shauri la Fatehali Manji, la mwaka 1966, inakataza kurudisha kesi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake wa kwanza.

Hukumu hizi zimewekwa TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure. Ikikushinda yote, ruka historia ya shauri uende pale hakimu au jaji anapoandika amemwamini nani na kwa sababu gani.