Posta au Coco? Kuchagua mahali pa kupigia picha za watu Dar es Salaam

Mteja wa picha za mahafali au send-off akikutajia mahali, muulize kwanza saa. Kona ya Posta inayolainisha ngozi saa 1:30 asubuhi humtia mtu mashimo meusi machoni ikifika saa 4. Jua la Dar hupanda karibu wima: saa 3 asubuhi limeshafika kama nyuzi 40 juu ya upeo, na kuanzia hapo mwanga wake wa moja kwa moja haumfai mtu usoni. Kwa hiyo natafuta kivuli kwanza. Mandhari nayatafuta ndani ya kivuli hicho.

Kivuli nacho huhama kwa msimu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Katikati ya miezi hiyo, yaani wakati wa kipupwe, jua la adhuhuri liko kaskazini, na jengo hutupa kivuli upande wake wa kusini. Mwezi Juni ghorofa la mita 12 hukupa ukanda wa kivuli wa karibu mita 7. Desemba mambo hugeuka: kivuli kiko kaskazini mwa jengo, tena hakifiki mita 4. Machi na Oktoba, adhuhuri hakuna kivuli cha ukuta kabisa, utahitaji baraza au mti mkubwa. Ndiyo maana mahali palipokufaa Julai panaweza kukuangusha Januari. Nenda na dira ya simu, andika ukuta unatazama wapi.

Ukishapata kivuli, kunja ngumi, inyooshe mbele yako kwa usawa wa uso, kisha zunguka taratibu. Vivuli vya vifundo vikilainika, huo ndio upande wa kumgeuzia mteja uso. Mara nyingi itakuwa hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, akitazama uwazi wa barabara. Akirudi ndani sana, macho hupoteza ule mng'ao na uso unazama.

Angalia pia kinachorudisha mwanga. Ukuta wa kijani, turubai la bluu la muuza juisi, matofali mekundu ya njia ya miguu: vyote hupaka ngozi rangi, hasa chini ya kidevu, na kuisafisha baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha. Ukuta mweupe au wa kijivu ulio mbele ya mteja ni rifleketa (kirudisha mwanga) ya bure. Ukiwa nyuma yake huku umepigwa jua, kamera itaupunguza mwanga na uso wa mtu mweusi utakuwa giza. Pima mwanga kwenye ngozi. Joho jeusi linahitaji kinyume chake, yaani nyuma pawe na mwanga kiasi, la sivyo mabega yanapotea.

Pima nafasi kabla ya kuleta mtu. Kwa kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, ikishikwa wima, mwili mzima kwa lenzi ya milimita 85 unataka zaidi ya mita 5 kati yako na mteja. Kwa lenzi ya 50, mita 3 hivi. Sensa ndogo ya APS-C huongeza umbali huo mara moja na nusu. Ongeza mita 3 au 4 nyuma ya mteja ili mandhari yafifie. Vichochoro vingi haviwezi hesabu hiyo, na ukirudi nyuma unaingia njia ya bajaji.

Coco Beach hutazama mashariki. Anayetaka jua nyuma ya mteja juu ya bahari aje alfajiri. Jioni jua linazama upande wa nchi kavu. Machweo ya baharini yako Forodhani, Unguja. Na tazama jedwali la maji kujaa na kupwa: wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, ufukwe wa mchanga unaweza kumezwa huku mteja yuko na viatu vya kuazima.

Posta, Jumapili asubuhi haina mshindani: magari machache, maduka mengi yamefungwa, na nyaya unaziepuka kwa kupanda ngazi mbili na kupiga ukielekea chini kidogo. Usielekeze kamera Ikulu, bandarini wala kwenye eneo la jeshi. Kwa majengo ya watu, zungumza na mlinzi siku moja kabla, maana mlinzi wa zamu nyingine huenda asikujue. Weka pia mahali pa pili pa kufika kwa miguu ndani ya dakika 5. Jua likishazama giza huingia ndani ya dakika 20 na kitu, hakuna muda wa kubishana getini.