Hita ya banda la uani: kabla hujanunua lita 50

Wateja wengi wanaoniita kufunga hita hapa Mtwara huwa wameshanunua. Nakuta boksi la lita 50 sebuleni, na chumba chenyewe ni banda la uani linalopata watu msimu wa korosho, sikukuu za Idi, na Desemba wajukuu wanapotoka Dar. Naifunga, hela ni yao. Ila kwa chumba kinacholala miezi bila mtu, mimi huwa nashauri kitu kidogo sana, na sababu ni maji yetu wenyewe.

Maji ya simtenki huku pwani yanatoka bombani na nyuzijoto 27 hivi. Mchana wa jua kali tanki jeusi linayapasha bila kukuomba hata uniti moja ya LUKU. Mtu anaoga vizuri kwenye nyuzijoto 38, kwa hiyo tunayapandisha kwa 11 tu. Hita ya lita 10 ikifika nyuzijoto 60, ukachanganya na ya baridi, unapata lita 30 za kuoga, yaani ndoo moja na nusu. Yenye kilowati 1.5 inafika hapo kwa kama robo saa, na uniti haifiki nusu. Ile ya lita 50 inakula karibu uniti 2, inakusubirisha saa nzima kwa kilowati 2, halafu inakupa lita 150 za kumwogesha mgeni mmoja.

Shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakipita, nayo inafanya kazi vizuri huku kuliko nyanda za juu. Kilowati 3.5 zinakupa lita 4 na nusu kwa dakika za nyuzijoto 38. Zile za kilowati 5.5 zinatoa lita 7. Ukiipeleka hiyo ya 5.5 mahali ambapo maji yanatoka na nyuzijoto 12, utapata lita 3 tu. Kwa hiyo ushauri wa shemeji aliyeko Njombe msikilize kwa heshima, usiununulie mzigo.

Basi shawa au hita ya tenki dogo? Hapo naangalia nyaya kwanza. Mabanda mengi ya uani yanachukua umeme nyumba kubwa kwa waya wa milimita 2.5, ambao tayari una taa, feni na soketi. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, na waya ule hautakiwi kubeba hivyo. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 4 au 6 kulingana na umbali. Ya 3.5 inavuta ampea 15, nayo usiichomeke kwenye soketi ya ampea 13. Hita ya lita 10 inavuta 6 na nusu tu. Halafu kuna umeme mdogo wa jioni: volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya koili, ule waya unaopasha maji, inabaki kama theluthi mbili. Tenki litachelewa kidogo, maji yatafika palepale. Shawa itakupa maji vuguvugu wakati huohuo uko chini yake na sabuni kichwani.

Na chumvi. Ukiwa na kisima Mikindani, Msimbati au popote karibu na bahari, fungua shawa yako utazame ndani. Za bei rahisi nyingi zina koili ya waya mtupu unaoguswa na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi, waya unakatika mapema, na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ikiwa mbovu utausikia mkono ukitetemeka ukigusa bomba. Kwa maji hayo dai shawa iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi, yenye koili iliyofunikwa, na uweke breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kwa kweli hiyo breka naitaka kwenye kila bafu, chumvi iwepo isiwepo.

Tenki nalo lina lake. Ndani ya tenki la enameli kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na maji ili chuma kisiliwe. Kwenye maji ya chumvi inakwisha haraka. Nikiichomoa nikakuta kimebaki kijiwaya cha katikati, najua kutu imeshaanza kazi. Fimbo ni bei ndogo, itazame kila mwaka. Thamostati, kile kidhibiti joto, iache kwenye nyuzijoto 60, maana ukiipandisha zaidi chokaa inaganda upesi kwenye koili.

Kuna jambo moja ambalo shawa hailiwezi kabisa, na huku ni kubwa: kumkanda mzazi. Binti akija kujifungulia kwao, bibi anataka maji ya moto hasa, ya kuchovya taulo, si haya ya nyuzijoto 38. Hapo tenki dogo linashinda bila mjadala. Ila bibi ayapoze kwanza, maana maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Wengine wananipigia simu, "Fundi, hita yako inavuja." Nikifika nakuta valvu ya usalama inadondosha matone wakati maji yanapata moto. Ni sawa. Maji yakipashwa yanatanuka, lita 15 zinaongezeka kama mililita 200, lazima zitoke pahala. Nimekuta valvu imezibwa kwa plagi na tredi tepu, imekazwa kwelikweli. Usithubutu. Ifungie mpira mwembamba uelekee kwenye mfereji.

Mgeni akiondoka, zima kwenye swichi. Tuseme tenki linapoteza wati 20 tu saa zote: kwa mwezi ni uniti 14, nyingi kwa aliye kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi. Maji yaliyolala wiki nyingi kwenye joto letu yanafuga bakteria wa lejionela, wanaoingia kifuani kwa mvuke na matone ya shawa. Kabla mgeni mwingine hajaoga, hakikisha tenki lina maji, maana koili ikiwashwa kavu inaungua. Washa mpaka thamostati ikate yenyewe, fungua dirisha, yaachie maji yote ya moto yatoke, kisha pasha upya. Kama ni shawa, yatiririshe dakika chache ukiwa nje ya bafu.

Wageni wakiwa mara mbili tatu kwa mwaka, sikufungii chochote. Nunua jagi la umeme la lita 1.7. Chemsha mara mbili, dakika kama tano kila moja, mimina kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji ya bomba, na umeshapata maji ya kuoga.