Kipimo kimoja kinachobeba shahada nzima ya sayansi ya mazoezi

Wengi wanaojiunga na shahada ya kwanza ya sayansi ya mazoezi huletwa na mapenzi ya michezo. Ni sababu nzuri, ila ratiba ya mwaka wa kwanza huwashtua: kemia, baiolojia ya seli, anatomia, fizikia, takwimu. Mimi hufundisha fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mazoezini, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: yote haya ya nini, ikiwa ninachotaka ni kuwa kocha? Anayeuliza hivyo, mimi humwalika maabara siku tunapopima kiwango cha juu kabisa cha matumizi ya oksijeni.

Mpimwa hukimbia juu ya mashine huku amevaa barakoa inayonasa hewa anayoitoa. Mwendo au mwinuko huongezwa kidogo kidogo hadi aishiwe nguvu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9 hivi, tunayoitoa ina pungufu. Ukijua upungufu huo na wingi wa hewa aliyopumua, umejua mwili wake umetumia oksijeni kiasi gani kwa dakika. Katika miaka ya 1920 A. V. Hill, Mwingereza aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa utafiti wake juu ya joto la misuli, alifanya kazi hii kwa mfuko wa kukusanyia hewa, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokimbia. Aliona kwamba hufika mahali mkimbiaji akazidisha mwendo lakini matumizi ya oksijeni yakagoma kupanda.

Kwa nini yagome? Hapo masomo yote hukutana. Mlinganyo wa mwanafiziolojia Mjerumani Adolf Fick wa mwaka 1870 unatuambia kwamba oksijeni inayotumika ni sawa na damu inayosukumwa na moyo kwa dakika, mara tofauti ya oksijeni iliyomo katika damu ya ateri (inayotoka moyoni) na ile ya vena (inayorudi moyoni). Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika; wa mwanariadha hodari wa mbio ndefu, akiwa kasini, unaweza kupita lita 30. Kuelewa namba hizo kunahitaji fiziolojia ya moyo. Kuelewa ile tofauti ya oksijeni kunahitaji himoglobini (inayobeba oksijeni katika damu), kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) na mitokondria (sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati), yaani kemia na baiolojia zile zile zilizolalamikiwa. Kisha wanakuja wakimbiaji wawili wenye kiwango sawa cha oksijeni, na mmoja anamwacha mwenzake mbali kwa sababu hatua zake hutumia nishati kidogo zaidi. Bila biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili na nguvu zinazouendesha, huwezi kumweleza yule wa nyuma ni nini kimemshinda.

Takwimu ndilo somo linalochukiwa kuliko yote, nami ndilo ninalolitetea kwa nguvu kuliko yote. Chukua kanuni maarufu ya mapigo ya juu ya moyo: 220 toa umri. Mtu wa miaka 40 huambiwa mapigo yake ya juu ni 180 kwa dakika. Kwa kundi kubwa, wastani huo hauko mbali sana na ukweli, lakini watu hutofautiana na wastani kwa mapigo 10 hadi 12 hivi, na wengine kwa zaidi. Wawili wenye miaka 40, wazima kabisa, wanaweza kuwa mmoja na 165 na mwingine na 195. Ukiwapangia mazoezi kwa namba moja, mmoja utamchosha kupita kiasi na mwingine hatapata faida aliyoijia. Vivyo hivyo, mtu akipimwa leo na kupimwa tena baada ya wiki nane, tofauti ya asilimia chache inaweza kuwa imetokana na kifaa, au na jinsi alivyolala usiku. Mhitimu asiyejua kutenganisha hayo atasifu programu isiyofanya kazi, na atafanya hivyo kwa nia njema.

Ajira haziishii uwanjani. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva waliokaa kitako. Tangu hapo sayansi hii imeingia katika afya ya jamii na katika kuwarejesha wagonjwa wa moyo kwenye hali nzuri. (Tiba ya viungo ni taaluma nyingine yenye leseni yake, ikiwa ndiyo unayoitaka, ulizia masharti yake mapema.)

Ukitembelea chuo kabla ya kuomba nafasi, usiishie kwenye ukumbi wa mazoezi. Omba uoneshwe maabara, kisha uliza ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi wa mwaka wa pili anashika vifaa kwa mikono yake mwenyewe. Na mwalimu akitafuta mtu wa kupimwa, jitolee: ukishavaa barakoa ile hadi dakika ya mwisho, utajua maelekezo yapi mpimwa huyahitaji, na kwa sauti gani.