Sikio linalia leo, kesho limenyamaza: maswali mnayoniuliza kila siku

Nafanya kazi helth senta huku Arua, Uganda, na wiki haiishi bila mtu kuingia akishika sikio.

Swali: Hii ngiii masikioni ni nini?
Ni sauti unayoisikia wewe tu, nje hakuna kitu. Mwingine anasikia shhh, mwingine nyenje. Mara nyingi ni kelele zimechosha sikio, mashine ya kusaga posho (unga wa mahindi), disko, au nta imejaa, au dawa kama kwinini. Ikianza ukiwa unatumia kwinini mwambie aliyekuandikia, usijiachishe mwenyewe.

Swali: Mbona mchana siisikii, usiku hainipi usingizi?
Mchana boda boda, soko na redio vinaifunika, usiku kila kitu kimenyamaza inabaki yenyewe. Ukiwa na mawazo mengi au umekosa usingizi inapanda tena. Kuna mzee wa mashine ya posho, mwezi ule wa mwanzo alikuwa hali chakula vizuri kwa ajili ya huo mlio, sasa miezi imepita na mlio ni uleule lakini anasema anaukumbuka nikimuuliza tu, kichwa kimeuzoea. Usiku washa redio chini chini, kimya kabisa ndicho kinachoukuza.

Swali: Jana ilikuwa kali, leo imepungua. Si ninapona?
Hapana jamani! Mlio unapanda na kushuka, hiyo si dalili ya kupona. Kipimo ni kusikia kwako. Weka simu sikio hili, halafu lile. Kama moja limezimika ghafla, yaani ndani ya siku moja mpaka tatu, njoo leo.

Swali: Hata kama mlio umeisha?
Hata kama umeisha. Njoo leo, si baada ya soko, si baada ya mazishi. Dawa za kuokoa usikivu zinasaidia zaidi zikianza siku za mwanzo, wiki mbili zikipita nafasi inakuwa ndogo sana, na watu wananijia baada ya mwezi wakisema nilikuwa naangalia kwanza. Ulikuwa unaangalia nini? Ukiona na kizunguzungu kikali au uso umepinda upande mmoja, hapo usingoje hata saa moja.

Swali: Nilitia mafuta ya taa, yalinisaidia.
Hayakusaidia, mlio ulishuka wenyewe kama kawaida yake. Mafuta ya taa, mkojo, njiti ya kiberiti, tafadhali acheni, kama ngoma ya sikio imetoboka unamwaga moja kwa moja ndani. Na matone ya kununua dukani bila kuangaliwa ni hivyo hivyo.

Swali: Wangu unapiga du du pamoja na moyo.
Huo ni mwingine, uje tukupime presha na damu.

Swali: Nikija mtanifanyia nini?
Tunaangalia sikio kwa taa, nta tunaitoa, na kama usikivu umeanguka ghafla tunakupa barua ya kwenda kwa wataalamu wa masikio hospitali ya rufaa. Hiyo barua usiipeleke chini ya godoro, panda gari siku hiyohiyo.