Uwazi wa malalamiko ya kingono chuoni maana yake nini

Wanafunzi wakidai "uwazi" katika malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, wengi husikia kwamba wanataka majina yatangazwe. Wahadhiri wanaogopa kuchafuliwa. Wasichana nao wanaogopa zaidi, maana nani anataka habari zake zijadiliwe kantini? Kinachodaiwa ni kwamba chuo kieleze wazi lalamiko linapita wapi na linaishia wapi, huku majina yakibaki ndani ya faili.

Nililielewa hilo Kihesa, Iringa, kwenye duka la fotokopi, jioni moja ya Juni, baridi ile ya kwetu ikiwa imeshaanza. Binti wa mwaka wa pili alikuwa na barua ya kurasa mbili aliyoiandika kwa mkono. Mhadhiri alikuwa amemwambia maksi zake za kozi weki (kazi za darasani) anazo yeye, na kwamba asipokuwa "mwelewa" ajiandae kwa sapu, yaani kurudia mtihani. Aliniuliza, "Dada, nikiipeleka hii, nani anaifungua kwanza?" Sikuwa na jibu. Hofu yake ilikuwa mkuu wa idara, ambaye kila asubuhi alikunywa chai na huyohuyo mhadhiri. Sanduku la maoni lilikuwepo pale chuoni kwao, kufuli limeshika kutu, na kila aliyemuuliza hakujua ufunguo uko kwa nani. Alitoa kopi moja, akalipa, akazikunja zote mbili akazirudisha kwenye begi.

Hapo ndipo uwazi unapoanzia, kabla hata ya kesi yoyote. Mwanafunzi ajue anayepokea lalamiko ni nani, kamati ina watu gani, atajibiwa ndani ya siku ngapi, mtuhumiwa ataendelea kusahihisha mitihani yake au la, na asiporidhika akate rufaa wapi. Mtuhumiwa naye ana haki ya kuujua utaratibu huohuo na kusikilizwa. Halafu kuna mrejesho. Mlalamikaji aambiwe uamuzi uliofikiwa, badala ya kusikia kwa watu kwamba yule mhadhiri "kahamishwa".

Sehemu inayoleta ubishi mkubwa ni takwimu. Wanafunzi wanataka chuo kitoe kila mwaka idadi ya malalamiko yaliyopokelewa, yaliyochunguzwa, yaliyothibitika, na adhabu zilizotolewa. Hili limeshafanyika kwingine. Mwaka 2011 wanafunzi na wahitimu 16 wa Yale, Marekani, walikishtaki chuo chao kwa serikali kuu kwa namna kilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2012 chuo hicho kilianza kutoa ripoti kila baada ya miezi sita, ikionyesha aina ya malalamiko na hatua zilizochukuliwa, bila jina la mtu.

Ila takwimu zinahitaji uangalifu, hasa kwenye vyuo vyetu vya Iringa na Mbeya, ambako kozi moja inaweza kuwa na wasichana saba tu. Ukiandika "lalamiko moja, mwaka wa pili, idara fulani," umeshamtaja mtu. Ndiyo maana hesabu hujumlishwa kwa chuo kizima, na idadi ndogo sana huandikwa "chini ya tano". Tena, chuo kinachoripoti sifuri kisipongezwe haraka. Mara nyingi sifuri huonyesha kwamba watu hawathubutu kulalamika, na idadi ikipanda baada ya utaratibu kutangazwa, huenda ni dalili kwamba wameanza kuuamini.

Pasipo njia inayoaminika, watu hutafuta njia yao. Aprili 2016, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, orodha ya majina 11 ya wanaume ilisambazwa mtandaoni, maandamano yakafuata, na chuo kikaenda mahakamani kuomba zuio. Mimi siipendi njia ya orodha. Aliyeumizwa hapati uchunguzi, na aliyetajwa hapati nafasi ya kujitetea. Lakini siwezi kuwalaumu wasichana waliobisha hodi kila mlango bila kufunguliwa.

Kwetu Tanzania, sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili kutoa haki au upendeleo kuwa mtenda kosa la jinai. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, na namba 113 hupigwa bure. Hiyo ni tofauti na nidhamu ya chuo, na mwanafunzi anaweza kufuata zote mbili. Kesi ya jinai hata hivyo haimwambii msichana wa Iyunga au Gangilonga nani atasahihisha mtihani wake wiki ijayo. Hilo ni la chuo kujibu.

Serikali za wanafunzi zina pa kuanzia, kwa kuwa vyuo vingi vina wawakilishi wao kwenye Seneti na Baraza la Chuo. Huko waombe kwanza karatasi moja ibandikwe kila hosteli, kwa Kiswahili, nyuma ya mlango wa choo ambako mtu husoma peke yake. Iandikwe anayepokea malalamiko na namba yake ya simu, siku za kusubiri jibu, na mahali pa kukata rufaa.